Posa kwa Ukoo wa Kuku

Mtaa mzima ulijua kwamba jua likizama, mafundi magodoro nao huzama. Baba wa nyumba ile ungemkuta alasiri anashona kingo za godoro, mdomo haupumziki, anakutania wewe na ukoo wako wote. Rudi jioni, taa za barabarani zikianza kuwaka, utamkuta kwenye kiti kilekile, sindano ndefu mkononi, kidevu kifuani, na ukimwita anakujibu mambo ya dunia nyingine. Kumbe saa kumi ya alfajiri, wakati waungwana wote wako ndotoni, ndipo nyumba inapochangamka: taa zinawashwa, pamba inachambuliwa, watu wanaimba na kucheka utadhani wanalipwa kwa kelele. Majirani waliwabatiza ukoo wa Kuku. Wenyewe hawakuona ubaya. Kuku ni ndege wa faida, baba alikuwa akisema, hujasikia mtu akilidharau yai.

Ugonjwa? Wala. Ni maumbile tu, tena ya damu. Babu aliyeanzisha karakana alikuwa hivyo hivyo, na baba yake babu, kama masimulizi ni ya kweli, alilala siku ya harusi yake mwenyewe kabla wageni hawajaaga. Aliyekuwa tofauti ni mama peke yake, kwa kuwa yeye aliolewa tu humo. Kila jioni alibaki na redio yake na utulivu ambao wanawake wengine huupata kwa kununa.

Binti yao wa mwisho aliitwa Kifaranga, na jina halikumtoka hata alipokuwa mwanamke mzima mwenye mikono ya kukunja godoro la watu wawili bila kuomba msaada. Huyu ndiye tunayemfuata, maana huyu ndiye aliyependa. Alimpenda fundi umeme.

Walikutana alfajiri. Fundi Umeme alikuwa wa zamu za usiku, akiitwa huku na kule palipokatika umeme, na siku hiyo aliona mwanga wa karakana akasogea kuomba maji ya kunywa. Yeye anaimaliza siku, mwenzake anaianza. Kifaranga, akiwa na uchangamfu wa Kuku wote saa hizo, akamuuliza ni fundi gani huyu anayepapasa njia gizani na nyaya kabeba begani. Kijana alicheka mpaka akakaa chini juu ya robota la pamba. Tangu hapo kila alfajiri akawa na kiu.

Kikwazo kilikuwa mama yake Fundi Umeme. Mjane yule alikuwa na duka la vitambaa, na alijulikana kwa kukata kitambaa bila kupima mara mbili, na kukata neno vivyo hivyo. Mwanawe alipomweleza habari za mchumba, alisema: "Oa unakotaka, mwanangu. Maskini, tajiri, mrefu, mfupi, mimi sichagui. Ila kwenye nyumba ya walevi sitii mguu. Kaka yangu nimemzika kwa pombe. Wajukuu sitawazika."

Maneno hayo yalipomfikia Kifaranga, aliichoma sindano godoroni akaiacha hapo. Huko mjini, mbali na mtaa wao, ukoo wake ulikuwa na jina jingine baya zaidi ya Kuku. Babu, Mungu amrehemu, hakuonja tone la pombe maisha yake yote, lakini mara nyingi watu walimwokota jioni kando ya barabara, amelalia usukani wa baiskeli. Nani angeamini kwamba ni usingizi mtupu? Wakasema kalewa, na uvumi ukimpata mtu aliyelala hana wa kumtetea. Babu alikufa, uvumi ukabaki.

Tena ndani ya uongo ule mlikuwa na kweli moja chungu. Baba mdogo, ndugu yake baba, yeye alikunywa kweli. Alikunywa mpaka akauza cherehani ya karakana, na alipomaliza fedha ya cherehani akarudi kumwomba baba msamaha akiwa na njaa. Mwisho aliacha. Kifaranga ndiye aliyekuwa akimsindikiza kliniki, akimngoja kwenye benchi, na mpaka leo hajarudia.

Muuguzi wa kliniki ile alikuwa mama mcheshi, miwani imening'inia shingoni, na aliwahoji habari za ukoo mpaka Kifaranga akadhani anamtafutia kijana wake mke. Nani anakunywa? Nani hapati usingizi? Nani huingiwa na huzuni isiyo na sababu? Baba mdogo akamkumbuka mjomba wao, upande wa bibi, aliyekunywa shamba zima. Muuguzi akawaambia kwamba usingizi wa mapema ni wa kurithi na si ugonjwa, ni saa ya mwili imetangulia. Na pombe nayo, akasema, ina sehemu yake katika damu: wapo wanaoweza kuacha glasi nusu mezani wakaenda zao, na wapo ambao glasi ya kwanza tu inawashika kola.

"Lakini lishike na hili," alimwambia baba mdogo. "Mtu hurithi wepesi wa kushikwa. Chupa hairithiwi."

Baba mdogo alitembea na neno hilo njia nzima, akilirudia polepole kama mtu anayejifunza namba ya simu.

Basi posa ikapangwa. Mshenga wa upande wa kijana alikuwa mwalimu mstaafu, mpenzi wa sauti yake mwenyewe, naye akaleta salamu kwamba mambo ya heri huzungumzwa jioni, duka likishafungwa na watu wametulia. Jioni! Kifaranga alimtazama mama, mama akamtazama baba, baba akapiga mwayo.

"Tuwaambie ukweli, mama," Kifaranga alisema. "Waje asubuhi. Mficha uchi hazai."

"Kwanza uolewe, ndiyo tufikirie kuzaa," mama alijibu. "Niseme nini? Kwamba mume wangu saa mbili ya usiku ni maiti? Watauliza kwa nini, na wakiuliza watafika kwa baba yako mdogo. Mtakesha! Jioni moja tu, nyote, hata kama ni kwa viboko."

Mama alipanga vita. Mchana aliwaamuru wote wakalale akiba, lakini Kuku halali mchana, wakabaki wamejilaza wakitazama dari na kutoleana vichekesho. Jioni akawamwagia maji baridi, akawanywesha kahawa nyeusi isiyo na sukari, akampa baba kigoda kisicho na egemeo ili akisinzia aanguke na aibu imwamshe. Siku hiyo walikuwa wamegundisha sponji za magodoro ya bweni tangu asubuhi, na mama, kwa kuogopa vumbi la barabara lisiwachafue wageni, akafunga madirisha yote. Harufu ya gundi wala haikumpitia akilini. Wenye nyumba ile pua zao ziliisahau zamani.

Wageni wakaja, watatu: Fundi Umeme kavaa shati jipya, mama yake kanyooka kama rula, na mshenga katikati. Mshenga alipofika mlangoni alinusa. Akanusa tena. Akamtupia jicho mama yake Fundi Umeme, naye alikuwa ananusa.

Walikaribishwa wakakaa. Mshenga akakohoa, akaanza. Jamani, mtu yule alikuwa na maneno! Alianza na kuumbwa kwa dunia, akapita kwenye maana ya jirani, akazunguka kwenye methali tatu za ua na mwiba, na posa yenyewe bado iko mbali inakuja kwa miguu. Kifaranga alijifinya paja. Alihisi usingizi unampanda toka miguuni, mzito, mtamu, usio na adabu. Upande wa pili baba mdogo alikuwa amefumbua macho kwa nguvu kiasi kwamba alionekana kama mtu aliyeona nyoka. Baba juu ya kigoda alikuwa anayumba, mbele, nyuma, mbele, nyuma.

"Kwa hiyo, mzee wetu," hatimaye mshenga akafika, "tunauliza kwa heshima zote: je, mnatupokea?"

Baba, macho yamefumba, akajibu kwa sauti ya kiungwana kabisa: "Pande zote mbili ziwe sawa, halafu mligeuze lilalie tumbo."

Kabla jibu hilo halijaeleweka, kichwa cha baba mdogo kikashuka taratibu, kikatua begani kwa mshenga, kikakoroma.

"Hawa wamelewa!" mshenga aliruka, na baba mdogo akabaki kalalia kiti kitupu. "Nyumba nzima inanuka!"

Mama akasimama, akaanza kumtikisa baba bega. Kifaranga akajua kwamba ni yeye sasa, ni yeye au basi. Akainuka, akashika ukuta. Ulimi wake ulikuwa umevimba usingizi.

"Mama... si pombe," alisema, na kila neno lilitoka linaburuta miguu. "Si pombe... ni... gundi."

"Wanavuta gundi!" mshenga alipiga ukelele.

Fundi Umeme alijaribu kusema, "Mama, ngoja, hawa huwa wanalala tu," lakini mama yake alikwisha kumshika mkono. Alikuwa hana hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Kifaranga zaidi. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyepita njia hiyo kabla. Mlango ukafungwa nyuma yao.

Sasa hebu ona taabu ya kuwa Kuku. Mtu mwingine angelia mpaka asubuhi. Kifaranga alilia kidogo tu, usingizi ukamkata katikati ya kwikwi, akalala na viatu. Huzuni yake aliikuta alfajiri, nzima, haijapungua hata punje, ikimngoja kitandani.

Baba mdogo alikuwa karakanani kabla yake, amekaa juu ya robota, hachambui pamba wala haimbi.

"Ni mimi," alisema. "Jina langu ndilo limekuharibia."

"Ni usingizi wa babu, baba mdogo. Na gundi. Na ulimi wangu huu."

"Wasingefikiria hivyo kama sikuwahi kunywa." Akamwangalia usoni. "Nenda kwa yule mama. Sasa hivi, ukiwa na akili zako. Mwambie yote, na langu mwambie. Mama yako ananifunika kwa upendo, najua, lakini mimi nikifunikwa nakosa hewa. Usinifunike, mwanangu."

Kifaranga alimkumbatia, akaoga, akatoka. Kwa mara ya kwanza tangu posa ipangwe aliona kifua kimekuwa chepesi.

Njiani aliogopa jambo moja tu, kumwamsha mama wa watu. Hakuhitaji kuogopa. Alimkuta kibarazani kwake, taa inawaka, anashona upindo wa pazia, na kwa jinsi kitambaa kilivyojaa matundu ilionekana ameushona na kuufumua mara nyingi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama toka juu mpaka chini. "Jana hukuweza kusimama, leo alfajiri unatembea mjini. Sogea. Fungua mdomo."

Kifaranga akafungua mdomo, akanuswa. Hakikutoka kitu ila harufu ya mswaki. Akaona bora amalize kabla hajafukuzwa, akasema yote bila kupumzika: Kuku, saa ya mwili, babu na baiskeli, gundi ya sponji, kahawa ya mama. Kisha akasema la baba mdogo, pombe yake, cherehani, kliniki, na mjomba wa upande wa bibi aliyekunywa shamba.

"Kwa hiyo iko katika damu yetu, mama, sikudanganyi," alimaliza. "Babu alitupa usingizi na bibi alitupa hilo jingine. Mimi sijaonja wala sitaonja, maana najua mlango uko wapi. Lakini sikutaka uje ulijue ukiwa umeshambeba mjukuu."

Yule mama alikuwa ameacha kushona. Swali alilouliza halikuwa lile Kifaranga alilolitarajia.

"Mnalala saa mbili? Nyote?"

"Nyote. Mama yangu tu ndiye hana bahati."

"Bila kitu chochote? Unaweka kichwa, basi?"

"Wakati mwingine hata kichwa hatuwahi kukiweka."

"Na mnaunganisha? Mpaka asubuhi?" Sauti yake ilikuwa ya mwenye njaa anayesimuliwa karamu. Kisha, kwa aibu kidogo, akacheka, na Kifaranga akaona kwa nini Fundi Umeme ni mzuri anapocheka. "Sisi kwetu hatulali, mwanangu. Mama yangu alikuwa anazunguka nyumba usiku kucha akihesabu milango. Mimi ni hivi unavyoniona. Marehemu kaka yangu pombe aliianza kama dawa ya usingizi, ndiyo ikamlaza moja kwa moja. Na huyo kijana wako unadhani anapenda zamu za usiku? Kitandani hana kazi, ndiyo maana." Akaushika uzi, akauachia. "Tena kuna miezi huzuni inamkaa. Hali, haongei. Nilimkataza asiseme mpaka aoe. Hajakwambia?"

"Aliniambia, mama. Zamani. Aliniambia hata dalili zake, ili nikiziona nisidhani nimemkosea."

Yule mama aliichomeka sindano kwenye pazia. Jogoo wa jirani aliwika, na Kifaranga, kwa mazoea ya ukoo, alijizuia kucheka.

"Alikuwa na akili kuliko mimi," mama alisema mwishowe. "Sijasema ndiyo. Usinikimbie mbele. Lakini nitakuja tena kwenu, na safari hii nitakuja saa zenu."

Wakaja kweli, siku ile ile waliyokubaliana, anga bado halijakuwa jeupe. Ungewaona Kuku asubuhi ile! Madirisha yote wazi, gundi imefunikwa na kupelekwa uani, baba amesimama mlangoni na mbavu zimejaa vichekesho, baba mdogo amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa kukunjika. Mama alikuwa wa kwanza kupiga mwayo, akaomba radhi kwa wageni, na baba akamwambia usijali mke wangu, leo ni zamu yako kuwa maiti. Mshenga naye aliletwa akiwa amefura, maana alilazimishwa kutoka kitandani. Akapewa kiti chenye mito. Akaanza, "Katika maisha ya binadamu..." na binadamu hakumaliza. Kichwa kikaenda upande, mdomo ukafunguka. Fundi Umeme akataka kumwamsha.

"Mwache," baba akamnong'oneza. "Ndiyo amefika nyumbani."

Walicheka mpaka ikabidi wafunike vinywa, wageni kwa wenyeji. Kisha baba akawa makini.

"Karakana yetu ina desturi," alisema. "Godoro hatulifungi kona ya mwisho mpaka mteja atie mkono ndani ashike pamba mwenyewe. Asije akasema baadaye tulimjazia matambara. Leo tunafanya hivyo hivyo. Tieni mkono, ulizeni."

Basi wakaanza kutajiana, na mambo ambayo yangetajwa kwa machozi yakatajwa kwa kushindana. Baba alimtaja babu na baiskeli. Mama yake Fundi Umeme akamtaja mama yake na milango. Baba akaleta shangazi aliyelala ndani ya kanisa la watu wengine katika maziko ya mtu asiyemjua. Mama yake Fundi Umeme akaleta binamu aliyepaka nyumba rangi usiku, na alfajiri, usingizi ukikataa bado, akaanza ya jirani. "Bila kumuuliza jirani?" Kifaranga alishangaa. "Jirani alilala, atamuuliza vipi?" alijibiwa. Fundi Umeme akasema la huzuni yake mwenyewe, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, na baba akamjibu kwa kichwa tu, kama mwanamume anapomwelewa mwanamume. Kifaranga alijisikia furaha ikimjaa mpaka kooni. Hakujua kwamba ukweli unaweza kuwa na kelele nzuri kiasi hicho.

Zamu ya baba mdogo ilipofika, alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

"Mimi ni mlevi," alisema. "Sinywi, lakini ni mlevi, na kila asubuhi naamka nakumbuka hivyo kabla sijavaa viatu. Sikumlaumu marehemu mjomba. Alinipa wepesi, chupa nilijinunulia. Dada yangu, wewe ulizika kaka. Ukiona siwezi kukaa karibu na wajukuu zako, nitakaa mbali, wala sitamlaumu mtu. Ila binti huyu usimhukumu kwa ajili yangu. Huyu aliningoja kwenye benchi la kliniki siku ambazo hata mimi mwenyewe nilikuwa nimejichoka."

Vicheko vilikwisha. Kifaranga alitazama chini. Neno lilikuwa limefika mahali pake, na sasa lilikuwa mikononi mwa yule mama.

Mama yake Fundi Umeme alifungua mkoba wake, akapekua, akatoa vidonge, karatasi moja, mbili, halafu nyingine zilizokwisha kutumika. Akaviweka mapajani.

"Nimekuja hapa mara mbili kukagua walevi," alisema. "Hivi ni vya usingizi. Nilianza na nusu. Sasa navinunua maduka tofauti ili wauzaji wasinijue. Vyenyewe hata havinilazi tena, lakini nikivikosa mikono inatetemeka, siwezi kushika mkasi. Mlevi ni mimi, tena mimi bado nakunywa."

"Mama!" Fundi Umeme alisema. "Hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Ni mimi niliyekufundisha kuficha."

Akavikusanya vyote kwa mkono mmoja, akainuka kwenda kuvitupa jalalani, kichwa juu, machozi yanamshuka. Baba mdogo alimzuia mlangoni.

"Usitupe, dada. Vya namna hii haviachwi kwa siku moja, utaumia, unaweza hata kuanguka. Wanavipunguza kidogo kidogo, wenyewe wanajua hesabu yake. Mimi nilijifanya shujaa hivyo, wakaniokota sakafuni." Akamrudishia mkono wake kifuani, taratibu. "Kliniki yetu inafunguliwa asubuhi. Kuna muuguzi pale mdomo wake mkali, lakini hamcheki mtu. Nitakaa nawe kwenye benchi."

"Leo?"

"Leo. Tukitoka sasa hivi tutakuwa wa kwanza kwenye foleni. Sisi popote ni wa kwanza kwenye foleni, ilimradi ni asubuhi."

Mama wa Kifaranga, aliyekuwa ameficha mengi kuliko wote, alikuwa analia waziwazi. Alileta khanga yake mpya, akamfunika mgeni mabegani. Wakatoka wale wawili, mlevi na mlevi, wakashika njia jua linachomoza, na hatua chache tu baba mdogo akawa keshamchekesha.

Kifaranga alibaki mlangoni na Fundi Umeme. Hakuna aliyejibu posa. Hakuna hata aliyeiuliza, kwa kuwa mwulizaji alikuwa anakoroma kwenye mito.

Kwenye kona ya barabara yule mama akasimama. Akaanza kurudi, mbiombio, khanga inampepea, na Kifaranga akadhani amebadili nia. Alifika akihema, akaingiza mkono mkobani, akatoa ufunguo mkubwa wa shaba.

"Mkwe wangu," alisema, kwa sauti ya kila siku, ile ya kuamuru dukani. "Nifungulie duka. Leo nitachelewa."

Kifaranga aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, akapiga magoti, na hakuweza kusema zaidi ya ndiyo mama, ndiyo mama. Asubuhi ile duka la vitambaa lilikuwa wazi kabla ya duka lolote mjini, na muuzaji wake aliimba mpaka wapita njia wakaja kuuliza kuna nini.